Viatu vyenye chuma katikati: vimetoka wapi, na kwa nini skrubu moja isikushinde

SEHEMU YA 1: Tuelewane kwanza



Wiki iliyopita tuliongea kuhusu mguu kifundo, yaani mtoto kuzaliwa wayo umegeukia ndani na kisigino kimevutwa juu. Baada ya hapo maswali yakamiminika, na mengi yalihusu vile viatu anavyovaa mtoto akishatolewa P.O.P, vile viwili vilivyounganishwa na chuma katikati. Kamba imekatika. Mkanda umechanika. Skrubu imeshika kutu, haifunguki. Skrubu imelegea, kiatu kinazunguka chenyewe. Na ujumbe mwingi ulimalizika kwa maneno yanayofanana: "Kwa hiyo nimemvua kwanza, nasubiri tarehe ya kliniki."

Hapo ndipo nilipoona tusikimbilie bisibisi. Ukijua hivi viatu vilitoka wapi, vilipita mikono ya nani, na kwa nini watu waliumiza vichwa miaka mingi kuvitengeneza, utaelewa kwa nini tarehe ya kliniki ikiwa mbali huwezi tu kukaa na kuisubiri.

Kwa wapya niseme kwa kifupi. Mguu kifundo unampata takriban mtoto 1 katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa duniani. Utafiti wa Uganda, majirani zetu, ulipata kama 1.2 kwa kila 1,000. Watoto wa kiume wanapata zaidi, kama mara mbili ya wa kike, na karibu nusu ya watoto hawa miguu yote miwili inakuwa imepinda. Sababu kamili kwa wengi haijulikani. Si mkosi, si kurogwa, na si kwa sababu mama alibeba kuni au alilalia upande fulani akiwa mjamzito. Mwenye mama mkwe anayesema hivyo amsomee hapa kwa heshima zote.

SEHEMU YA 2: Kutoka risasi ya Ugiriki hadi chuma cha London

Watu wengi wanadhani matibabu ya mguu kifundo ni mambo ya juzi. Hapana. Yapata miaka 2,400 iliyopita huko Ugiriki, maandishi yaliyobeba jina la tabibu Hippocrates yalieleza jinsi ya kuunyoosha mguu huu kwa mikono, taratibu, ukiwahi mtoto akiwa bado mdogo, kisha kuufunga kwa vitambaa ukae vile. Baadaye, mtoto avalishwe kiatu maalumu cha risasi, ile metali laini, ili mguu usirudi ulikotoka.

Hebu rudia hapo. Tangu zamani hizo walishajua mambo mawili: kwamba mguu wa mtoto mchanga unanyooshwa taratibu bila nguvu, na kwamba ukishanyooka utataka kurudi, kwa hiyo lazima uzuiwe na kiatu. Sehemu ya pili ndiyo watu walikuja kuisahau mara kwa mara, na kila waliposahau, watoto ndio waliolipa.

Mwaka 1803, daktari wa Kiitaliano Antonio Scarpa aliandika kuhusu kifaa chake chenye springi za chuma cha kuuvuta mguu ukae sawa. Mwaka 1852, daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, alichapisha njia ya kupaka unga wa jasi kwenye bandeji, ukilowa unashika, ukikauka unakuwa mgumu. Hiyo ndiyo P.O.P yetu, wengine mnaiita hogo. Yeye aliitaka kwa askari waliovunjika mifupa, lakini haikuchukua muda ikaanza kutumika kwa watoto wenye miguu iliyopinda.

Chuma cha katikati kina jina la mtu. Denis Browne alizaliwa Australia, akawa daktari wa upasuaji wa watoto katika hospitali ya Great Ormond Street, London. Mwaka 1934 alieleza kwenye jarida la Lancet kifaa chake cha kuunganisha miguu miwili ya mtoto kwa kipande cha chuma. Wazo lake lilikuwa zuri na jepesi: mtoto mchanga hatulii, anapiga mateke siku nzima. Ukiunganisha miguu, teke la mguu mmoja linausukuma mwingine uelekee nje. Mtoto anajifanyia mazoezi mwenyewe bila kujua.

Kwa hiyo ukimwona mwanao anapiga mateke na chuma chake, kinagonga kitanda koh koh koh usiku kucha, usimhurumie kupita kiasi. Kelele hizo ni sehemu ya dawa.

Ila kifaa hicho kilikuja na tabia yake. Kila kiatu kilishikwa kwenye chuma kwa bolti, nati na skrubu, ili daktari aweze kukizungusha na kukikaza kwenye pembe anayotaka. Skrubu ikiwa nzima, pembe inabaki. Ikilegea, kiatu kinageuka kidogo kidogo, mama haoni, na mguu unafuata kiatu. Matatizo mnayoniandikia leo yana miaka zaidi ya 90.

SEHEMU YA 3: Mtoto wa fundi saa

Sasa mje kwa mzee wetu Ignacio Ponseti. Kila nesi anayefanya kazi ya mguu kifundo analijua jina hili.

Alizaliwa tarehe 3 Juni 1914 katika kisiwa cha Menorca, Hispania. Baba yake alikuwa fundi saa, na kijana alikulia kwenye meza ya vigurudumu na skrubu ndogo ndogo akimsaidia baba. Akasomea udaktari. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilimkuta akihudumia majeruhi, na upande wake uliposhindwa mwaka 1939 alivuka milima kuingia Ufaransa pamoja na majeruhi waliobebwa kwa nyumbu. Akawa mkimbizi. Akaenda Mexico, akatibu vijijini, kisha mwaka 1941 akafika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Watu wa Ngara hatuhitaji kuelezwa mkimbizi ni nani. Tulishaona daraja la Rusumo mwaka 1994.

Huko Iowa alikuta watoto wengi wa mguu kifundo wanapasuliwa. Mguu ulinyooka, ndiyo, lakini aliowaangalia walipokua watu wazima walikuwa na miguu migumu, dhaifu na yenye maumivu. Akarudi kwenye misingi: mifupa ya mguu wa kichanga inakaaje, inazungukaje. Mwishoni mwa miaka ya 1940 akaanza njia yake. Mguu unasukumwa taratibu kwa vidole, unafungwa P.O.P kutoka vidoleni hadi juu ya paja. Baada ya wiki inatolewa, unasukumwa tena kidogo, inafungwa nyingine. Kwa kawaida P.O.P 5 hadi 7 zinatosha. Kwa watoto wengi, kabla ya P.O.P ya mwisho, kano ya nyuma ya kisigino inakatwa kwa kijeraha kidogo sana kisigino kishuke, halafu P.O.P hiyo inakaa wiki 3 kano ijiunge upya ikiwa ndefu zaidi. Kisha ndipo viatu.

Mwaka 1963 alichapisha matokeo yake. Wenzake wengi hawakumsikiliza, kisu kilikuwa na sifa zaidi kuliko mikono. Mwaka 1995 wenzake wa Iowa walichapisha uchunguzi wa watu aliowatibu zaidi ya miaka 25 nyuma: watu 78 kati ya kila 100 walikuwa na miguu mizuri au mizuri sana, wakati kwa watu ambao hawakuzaliwa na tatizo la miguu ilikuwa 85 kati ya 100. Mwaka uliofuata akatoa kitabu. Lakini mnajua nani aliyeisambaza njia hii kweli kweli? Wazazi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 akina mama wa Marekani walianza kuelezana kwenye intaneti kwamba kuna mzee Iowa ananyoosha miguu bila upasuaji mkubwa, wakawapelekea watoto wao, wakarudi kuwauliza madaktari wa miji yao maswali magumu. Kwa hiyo mkisikia mtu anabeza makundi ya akina mama mtandaoni, mkumbusheni hilo.

Sasa sikilizeni namba moja ya Iowa. Kwa familia zilizovalisha viatu kama walivyoelekezwa, mguu ulirudi kupinda kwa watoto kama 6 katika 100. Kwa familia ambazo hazikuvalisha, ulirudi kwa watoto zaidi ya 80 katika 100.

P.O.P zile zile. Mikono ile ile. Tofauti ni kiatu.

SEHEMU YA 4: Kampala, mahali skrubu ilipoondolewa

Hapa ndipo historia inapofika kwetu Afrika Mashariki, na napenda kuisimulia kwa sababu mara nyingi tunadhani kila kitu kizuri cha hospitali kimetoka ng'ambo kikiwa kwenye boksi.

Kampala ilikuwa na desturi yake kabla. Miaka ya 1960, Profesa Ronald Huckstep wa Makerere na Hospitali ya Mulago alikuwa na watoto wengi waliopooza kwa polio, na vyuma vya miguu kutoka Ulaya vilikuwa bei mbaya. Akaanzisha utengenezaji wa vyuma rahisi na viatu vya mbao pale pale, kwa chuma, ngozi na mafundi wa kawaida, akaandika na kitabu wengine waige. Alisisitiza kifaa anachoweza kukitengeneza fundi wa kwetu. Kifaa kinachomrudisha mgonjwa Ulaya kila kikiharibika hakina maana kwa mtoto wa kijijini.

Miaka ya Idi Amin ikaja, mengi yakavurugika. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 wazo lile lile liliibuka tena Kampala, katika kituo cha watoto wenye ulemavu cha Katalemwa Cheshire Home. Hapo alikuwepo Mholanzi mtaalamu wa vifaa vya mifupa, Michiel Steenbeek. Watoto wa mguu kifundo walihitaji viatu vya kuzuia mguu usirudi. Vya kununua nje viligharimu fedha ambazo mzazi wa kawaida wa Uganda hakuwa nazo, na vikiharibika hakuna vipuri.

Steenbeek akabuni kiatu cha kutengenezwa na watu waliokuwepo kwa vitu vilivyokuwepo: ngozi, kamba, cherehani, vifaa vya fundi viatu, na chuma cha kawaida cha mviringo kinachochomelewa chini ya kiatu. Kimechomelewa, mama zangu. Pembe inapangwa wakati wa kutengeneza na haibadiliki. Hakuna skrubu ya kulegea, hakuna bolti ya kushika kutu, hakuna mtoto wa jirani atakayeichezea. Mbele kiko wazi uone vidole. Nyuma kwenye kisigino kina tundu, na tundu lile lina kazi yake: unachungulia kuona kama kisigino kimekaa chini au kinaelea. Viatu hivi vilipatikana kwa gharama isiyofika dola 10 za Marekani, wakati vile vya viwandani vya nchi tajiri vinaweza kufika mamia ya dola.

Kiatu peke yake kisingetosha bila wa kufunga P.O.P. Mwaka 1999 madaktari wawili wa mifupa kutoka Kanada walianza kuifundisha njia ya Ponseti Uganda. Mmoja ni Norgrove Penny, aliyekuwa akifanya kazi nchini humo. Mwingine ni Shafique Pirani, mzaliwa wa Uganda, wa jamii ile ile ya Waasia ambayo Amin aliifukuza mwaka 1972. Nchi iliyoifukuza jamii yake, yeye akairudia na mikono ya kunyoosha miguu ya watoto wake. Ndiye aliyetengeneza pia ile hesabu tunayoitumia kupima ukali wa mguu kifundo, alama kuanzia 0 hadi 6. Ukiona mtaalamu anaandika namba kwenye kadi ya mwanao kila wiki, namba inashuka, ujue ni hiyo.

Madaktari wa mifupa walikuwa wachache mno, kwa hiyo waliofundishwa si wao tu, walikuwemo maofisa tabibu wa mifupa wa wilayani. Kuanzia mwaka 2004 mradi ukapanuliwa nchi nzima. Kiatu cha Steenbeek kikatoka Kampala kikaenda nchi nyingine nyingi, Afrika na Asia. Kiatu kilichobuniwa ng'ambo ya Ziwa Victoria, upande ule wa pili wa ziwa letu hili, kinavaliwa na watoto ambao hawajawahi hata kulisikia jina Kampala.

SEHEMU YA 5: Kwetu

Tanzania nayo ina mchango wake. Moshi, pale KCMC, kuna chuo cha mafundi wa vifaa vya viungo, TATCOT, tangu mwaka 1981, na kimesomesha mafundi wa nchi nyingi za Afrika. Dar es Salaam, CCBRT imekuwa ikitibu watoto wa mguu kifundo kwa miaka mingi. Kuna pia shirika la TCCO linaloshughulika na mguu kifundo peke yake, likishirikiana na MiracleFeet, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 2010. MiracleFeet nao walitoa kifaa chao: viatu laini vinavyobanwa na kubanduliwa kwenye kipande cha plastiki. Mama anamvalisha mtoto kiatu kimoja kimoja kwanza, halafu anavibana, klik. Afueni kubwa kwa mtoto mbishi.

Kwa hiyo ndani ya Kagera unaweza kukuta aina tatu: cha ngozi chenye chuma kilichochomelewa, cha kutoka nje chenye skrubu, na cha plastiki cha kubana. Mnapoulizana humu, semeni kwanza ni kipi. Jibu la kimoja si jibu la kingine.

Shida yetu kubwa ni umbali. Mama wa Nyarubungo, au wa kijiji chochote cha Ngara na Biharamulo, akiambiwa aende hospitali ya rufaa, anahesabu bodaboda, halafu gari, halafu Lusahunga, halafu safari ndefu ya Geita hadi Mwanza. Kivuko cha Kigongo na Busisi tulikisubiri miaka yote, ukikikosa unalala na mtoto kwenye foleni. Tangu Juni 2025 tunapita juu ya daraja, Mungu ashukuriwe. Lakini daraja halijafuta nauli. Na safari ya P.O.P ni kila wiki, wakati viatu vinavaliwa mpaka mtoto afikishe miaka 4.

Fikiria, miaka 4. Miezi 3 ya kwanza ni saa 23 kati ya 24, anavuliwa kuogeshwa tu. Baada ya hapo ni usiku wote pamoja na usingizi wa mchana. Kwa muda wote huo jasho linaingia kwenye ngozi ya kiatu, mkojo unaingia, uji unamwagika, mvua za masika zinakikuta kimeanikwa nje, na mtoto anakisigina chini kila siku. Hakuna kiatu kitakachopita hapo bila kuchakaa. Kikichakaa si kwamba mama ni mzembe. Kimetumika kama kilivyotakiwa. Swali ni nini kinafanyika siku hiyo kinapoharibika.

SEHEMU YA 6: Siku kinapoharibika

Kwanza, piga simu kliniki yako siku hiyo hiyo. Usisubiri tarehe ya kadi. Namba iandike kwenye simu na kwenye kadi. Waeleze kilichoharibika, watume picha. Mara nyingi watakwambia kipi mafundi wa nyumbani wanaweza na kipi lazima ukipeleke.

Pili, jua kipi kinaruhusiwa kuguswa kijijini. Nakigawa mara mbili.

Vinavyotengenezeka hapa hapa: kamba, mkanda, mshono ulioachia, skrubu iliyolegea.

Visivyoguswa bila mtaalamu: pembe ya viatu na urefu wa chuma. Mguu uliokuwa na kifundo unaelekezwa nje kama nyuzi 60 hadi 70, mguu mzima kama 30 hadi 40, na urefu wa chuma unafuata upana wa mabega ya mtoto. Fundi wa kuchomelea akikuonea huruma akasema "hii imepinda sana, ngoja niinyooshe," mshukuru, mchukue mtoto, ondoka. Kupinda kule ndiyo tiba.

KAMBA. Ikikatika weka kamba bapa ya raba, imara, ya pamba. Usiweke katani wala uzi wa nailoni mwembamba, utamkata. Ukifunga, anza na mkanda wa kifundo kabla ya kamba, kwa sababu mkanda ndio unaoshusha kisigino. Chungulia kwenye tundu la nyuma. Kisigino kikiwa chini, ndipo kaza kamba, fundo libaki nje mbali na ngozi ya mtoto.

MKANDA. Ukichanika, mpelekee fundi viatu. Mwambie ashone ngozi ya unene ule ule, upande wa ndani uwe laini, mshono usimchubue mtoto. Kabla hujaondoka nyumbani weka alama ya kalamu kwenye tundu unalolitumia kila siku, ili mpya utobolewe pale pale.

SKRUBU ILIYOLEGEA. Mvue mtoto kwanza. Kabla hujagusa chochote, piga picha ya viatu kutoka juu, halafu chora mstari mmoja wa kalamu unaopita kwenye kiatu na kwenye chuma. Mstari huo ndio mlinzi wako: ukikaza na mistari miwili ikikutana, pembe iko palepale. Kaza kwa bisibisi inayokaa sawasawa, si kisu cha jikoni. Kama kichwa cha skrubu kina tundu la pembe sita, kinataka alenki, na fundi baiskeli yeyote anayo. Kisha shika kiatu kwa mkono mmoja na chuma kwa mkono mwingine, jaribu kuvizungusha. Kikizunguka, bado. Chunguza tena kesho asubuhi, na kila wiki.

SKRUBU SUGU. Hii ndiyo mliyouliza zaidi. Usiilazimishe, utakila kichwa chake kiwe duara na hapo kazi itakuwa kubwa. Safisha uchafu kwa mswaki mkavu, toa na lile tope la jasho na vumbi lililojaa kwenye tundu. Weka tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani, yaache yaingie kwa muda, kisha bonyeza bisibisi kwa nguvu kuelekea chini ndipo uzungushe polepole, kidogo kukaza, kidogo kulegeza, mpaka ikubali. Ikikataa, au kichwa kimeshaliwa, mpelekee fundi baiskeli. Atakikata mfereji mpya kwa msumeno wa chuma au ataitoboa na kuweka mpya ya unene na urefu ule ule. Mwambie ncha isitokeze ndani ya kiatu, na wewe mwenyewe pitisha kidole ndani kabla ya kumvalisha mtoto. Futa mafuta yote. Usimruhusu apashe moto skrubu kiatu kikiwa na ngozi au plastiki.

Cha plastiki kikipasuka hakichomelewi, hakigundishwi na gundi. Hicho kinabadilishwa.

Tatu, muda. Usiku mmoja fundi akiwa na kiatu, mtoto hajapotea. Wiki mbili ni jambo jingine kabisa, hasa kwa mtoto aliyetolewa P.O.P karibuni. Na kumkanda mguu kwa mafuta hakuchukui nafasi ya kiatu, hata kama bibi anakanda vizuri namna gani.

SEHEMU YA 7: Dalili za kukimbia, na mfuko mdogo wa kuweka karibu

Nenda kituo bila kusubiri ukiona haya: kisigino hakishuki tena chini ya kiatu ingawa kiatu ni kizima, mguu unajichomoa kila ukivalisha, wayo umeanza kugeukia ndani, mtoto mkubwa anakanyagia ukingo wa nje wa mguu. Hizo ni dalili za mguu kurudi. Usilie peke yako nyumbani na usione aibu kurudi kliniki. Ukiwahi, mara nyingi P.O.P chache zinaurudisha, halafu viatu vinaendelea. Ukichelewa, njia zinazobaki ni ndefu na ngumu zaidi.

Ngozi nayo. Wekundu unaopotea baada ya muda mfupi ni wa kawaida. Lengelenge au kidonda hapana, kinaonyesha kiatu kinacheza au kinabana vibaya. Usipake mafuta kwenye sehemu nyekundu, ngozi inalainika na kuchubuka zaidi. Soksi safi za pamba, kavu, bila mikunjo. Vidole vikianza kupita ukingo wa mbele na kujikunja, amekikua, omba kingine mapema. Na usimvalishe kiatu cha mtoto wa jirani aliyemaliza tiba kabla hakijapimwa. Pembe yake ilikuwa ya mguu mwingine.

Kile kipindi cha siku mbili tatu za mwanzo mtoto analia usiku, baba wa familia anasema "mvue apumzike": hapo ndipo wengi wanaangukia. Cheza naye, mkunje na mnyooshe miguu yote miwili pamoja kama anaendesha baiskeli, azoee. Mtoto akijua akilia anavuliwa, atalia kila siku.

Tafuta mfuko mdogo, hata wa kitenge, uweke hivi: kamba mbili za akiba, alenki au bisibisi ya kiatu chako, kichupa cha mafuta ya cherehani, kalamu ya kuweka alama, namba ya kliniki, na namba ya fundi viatu na fundi baiskeli mmoja mmoja unaowaamini. Kabla kiatu hakijaharibika, mpelekee fundi akione. Mweleze ni cha nini, na kwamba kupinda kwake si kosa. Fundi anayeelewa anafanya kazi kwa moyo, na wengi wao wakishajua ni mguu wa mtoto hata bei wanapunguza.

Mzee Ponseti alifariki mwezi Oktoba 2009, akiwa na miaka 95. Tarehe yake ya kuzaliwa, 3 Juni, sasa ni Siku ya Mguu Kifundo Duniani. Mwaka huu siku hiyo ikifika, kagua viatu vya mwanao: kamba, mkanda, mshono, skrubu, mstari wa kalamu. Itakuchukua dakika tano.

Kama unamjua mama mwenye kichanga ambaye nyayo zake zimegeukia ndani na bado hajampeleka popote, mtumie huu uzi leo, usingoje. Wiki za kwanza za maisha ndizo mguu ni laini kuliko wakati wowote. Ameambiwa asubiri akue kwanza? Mwambie aende kliniki ya watoto ya karibu aombe rufaa.

Maswali wekeni hapa chini, na msisahau kuandika ni kiatu cha aina gani kati ya zile tatu. Nikitoka zamu nitajibu.